Daftari kabla ya leseni: nani asimamie beibi kea za mitaani?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Kliniki nayo inamwambia amnyonyeshe mtoto maziwa yake pekee hadi atimize miezi sita. Kati ya maagizo hayo mawili pana miezi mitatu isiyo na mwenyewe, na hiyo ni kwa yule aliye na barua ya ajira. Mama fua, mama mboga na kibarua wa viwandani hawamo kabisa katika hesabu hiyo. Wengi hurudi kutafuta riziki mtoto akiwa na wiki chache tu. Anayempokea mtoto huyo ni jirani. Ana chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi, godoro moja au mkeka, jiko karibu na mlango, na watoto wa watu. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama Mukuru, Mathare, Korogocho na Kibera, mahali hapo panaitwa beibi kea.

Kila msiba unapotokea kwenye mojawapo ya vyumba hivi, kilio ni kilekile: serikali iko wapi, mbona hawa wanafanya kazi bila leseni? Ni kilio cha haki. Hata hivyo, baada ya kufuatilia mambo ya malezi ya watoto wachanga kwa muda, nimefikia msimamo ambao huwaudhi wengi wa pande zote mbili: beibi kea lazima zisimamiwe, na leseni iwe kitu cha mwisho kudaiwa.

Kwanza, kwa nini zisimamiwe? Wapo wanaosema mzazi ndiye askari bora, kwamba kituo kibaya kitakosa wateja na kujifunga chenyewe. Hoja hiyo inafaa kwa nyanya, ambazo mnunuzi huzibonyeza kabla ya kulipa. Malezi hayabonyezwi. Mama anamwacha mtoto kabla ya jua kuchomoza na kumchukua gizani, na mtoto wa miezi minane hasimulii siku yake ilivyokuwa. Akimkuta amelala fofofo, huenda ameshiba na kucheza vizuri, na huenda alinyweshwa dawa ya mafua iletayo usingizi ili asisumbue, mbinu ambayo imewahi kuripotiwa. Kwa macho ya mama, watoto hao wawili ni sawa. Pale mteja asipoweza kuona anachokinunua, bei na sifa za mtaani haziwezi kuchuja wabaya. Lazima pawe na jicho la tatu.

Jicho hilo litazame nini? Hapa ndipo wataalamu hutofautiana na waandishi wa kanuni. Mambo yanayoua mtoto ndani ya chumba kile ni machache na yanajulikana. Jiko la makaa likiwaka mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Julai, hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hapati onyo lolote. Mikono iliyobadilisha nepi ikikoroga uji bila kuguswa na sabuni, kuhara kwa mtoto mmoja asubuhi kunakuwa kwa watano kufikia kesho kutwa. Uji ulioachwa kwenye chupa tangu alfajiri, bila friji, huchacha ifikapo saa sita. Mtoto mchanga akilazwa kifudifudi badala ya chali, hatari ya kufa usingizini inaongezeka. Kisha yapo yanayodhuru polepole, na haya hayamo kwenye habari za magazeti: mtoto anayeshinda ametazama ukuta, asiyeitwa jina lake, asiyezungumziwa. Ubongo wa miaka mitatu ya kwanza hujengwa kwa majibizano, mtoto akitoa sauti na mtu mzima akiirudisha. Mlezi mwenye watoto kumi na watano harudishi sauti ya mtu.

Sheria ipo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka vituo vya kutunzia watoto chini ya serikali za kaunti, kwenye kifungu kimoja na elimu ya chekechea, na Nairobi ikatunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Tanzania ilitangulia: ilikuwa na sheria ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana tangu 1981, nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Mtoto ya 2009, inayotaka kituo kiwe na leseni. Pamoja na yote hayo, beibi kea nyingi za mitaa ya mabanda hazimo kwenye daftari la ofisi yoyote. Wepesi wa kusema ni kwamba wenye vituo ni wakaidi. Ukweli umo kwenye hesabu zao.

Tuchukue mfano. Mlezi ana watoto kumi, kila mmoja shilingi 100 kwa siku, na tuseme wote wamelipa, jambo ambalo ni nadra, maana kibarua cha mama kikikosekana deni huingia kwenye kijitabu. Amepata shilingi 1,000. Toa kodi ya chumba, mitungi ya maji, makaa, sabuni, unga wa uji na posho ya binti anayemsaidia. Kinachobaki ni mshahara wa mtu mwenye dhiki. Sasa mletee kanuni moja tu, tena nzuri kabisa: watoto wachanga wasizidi wanne kwa mlezi mmoja. Akimwachisha binti kazi na kubaki na wanne, mapato yanashuka hadi 400 kabla hajatoa hata senti. Ili arudi alipokuwa inabidi atoze 250 kwa mtoto, na anayetozwa ni mwanamke ambaye kufua kutwa nzima kumempa labda 500. Hawezi. Kwa hiyo mlezi atafunga, au ataendelea huku pazia limeshushwa na kumtolea kanjo, yaani askari wa kaunti, kitu kidogo kila anapopita. Hapo kanuni iliyonuiwa kumlinda mtoto imegeuka kodi isiyo na risiti.

Na kituo kikifungwa wale watoto kumi hawayeyuki. Wengine wataachiwa dada wa miaka tisa, ambaye siku hiyo hataenda shule. Wengine watafungiwa ndani. Wengine watabebwa mgongoni hadi sokoni, kando ya moshi na magari. Wengi wanaodai vituo vifungwe mara moja hulinganisha beibi kea na kituo kizuri cha mtaa wa wenye nacho kama Kilimani, ilhali mtoto wa Mukuru hakuwahi kupewa chaguo hilo.

Mambo haya si mageni duniani. Mwaka 1870 mwanamke aitwaye Margaret Waters alinyongwa London kwa kifo cha mtoto mchanga ambaye yeye alilipwa amlee. Hasira za umma zikazaa sheria ya 1872, iliyowataka wapokeaji wa watoto wachanga kujisajili. Cha kushangaza, miongoni mwa waliopinga walikuwa watetezi wa haki za wanawake, waliohofu kwamba sheria ingewabana mama wanaofanya kazi. Walezi wa mchana wakaachwa nje, na iliwachukua Waingereza hadi 1948 kutunga sheria ya kuwasimamia. Leo walezi wa nyumbani nchini Uingereza husajiliwa na kukaguliwa na idara ya Ofsted au mashirika maalumu, na kanuni zao ni za kupigiwa mfano. Ila idadi yao imeanguka kutoka zaidi ya 55,000 mwaka 2012 hadi chini ya 30,000 muongo mmoja baadaye. Kanuni peke yake hazikufanya hivyo, malipo duni nayo yalichangia, lakini mzigo wa makaratasi ni lalamiko wanalolitaja wenyewe. Marekani nako, wachumi Joseph Hotz na Mo Xiao walichapisha utafiti mwaka 2011 ulioonyesha kwamba masharti yalipokazwa vituo rasmi vilipungua, na vilipungua zaidi kwenye maeneo ya kipato cha chini, huku ubora ukipanda zaidi kwa wenye nacho. Yaani gharama walibeba maskini, faida ikaenda kwa jirani zao.

Kolombia ilianza upande wa pili. Tangu miaka ya 1980, taasisi ya ustawi wa familia ya nchi hiyo, ICBF, iliwachukua wanawake wa mitaa maskini waliokuwa tayari wakilea watoto wa majirani majumbani mwao, dazeni moja hivi kila nyumba, na kuwapelekea chakula, ukiwemo unga ulioongezewa virutubishi uitwao Bienestarina. Pamoja na chakula yakaja mafunzo na ukaguzi. Mlezi alikuwa na sababu ya kumfungulia mkaguzi mlango, kwa kuwa anayekagua na anayeleta unga walikuwa mkono mmoja. Si kwamba Kolombia haikukosea. Akina mama hao walifanya kazi kwa miongo kwa posho ndogo wakiitwa watu wa kujitolea, hadi walipopata mikataba ya ajira mwaka 2014 baada ya kuandamana mara nyingi. Afrika Kusini imejifunza somo hilo nusu. Huko kituo kilichosajiliwa hupata ruzuku ya serikali, iliyokaa kwenye randi 17 kwa mtoto kwa siku kwa miaka kadhaa kabla ya kupandishwa hadi 24 mwaka 2025. Kivutio kilikuwepo, lakini masharti ya majengo na ramani za ardhi yaliwakwamisha wenye vibanda, na sensa ya 2021 ilipohesabu vituo na programu zaidi ya 42,000, hata nusu hazikuwa zimesajiliwa.

Nairobi inaweza kuanza na daftari. Jina la mlezi, ploti, idadi ya watoto na umri wao, bila ada na bila tishio la faini kwa aliyejitokeza mwenyewe. Daftari hilo lisishikwe na kanjo. Nchi imeajiri wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 tangu 2023, kila mmoja na kaya zake karibu 100. Wanaujua kila mlango unaopokea watoto. Wawatembelee walezi kila mwezi, wapime watoto uzito, waangalie kadi za chanjo, waache pakiti za ORS na zinki. Nyongeza yangu hapa ni moja: kazi hiyo iongezewe malipo. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi ilipangwa kwa kazi nyingine, na tabia ya kumtwisha mwanamke maskini jukumu jipya kwa jina la moyo wa kujitolea tumeshaiona Kolombia.

Pamoja na daftari, masharti matatu tu yasiyo na mjadala tangu siku ya kwanza: jiko nje ya chumba cha watoto, sabuni na maji penye nepi, na marufuku kwa dawa yoyote ambayo mzazi hakuiandika. Haya hayahitaji mtaji. Anayeyavunja baada ya kuonywa afungiwe, na mhamasishaji awape mama wa watoto wake majina ya vituo vya jirani vyenye nafasi, ambavyo daftari sasa linavijua. Idadi ya watoto kwa mlezi ije baadaye, ipungue hatua kwa hatua, na kila hatua iambatane na fedha, kwa sababu hesabu ya shilingi 400 haibadiliki kwa mahubiri. Fedha hizo zinaweza kupitia kwa mama. Huko Korogocho, watafiti walipowapa akina mama vocha za kulipia malezi ya watoto, waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi kuliko wasiopewa, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia, na mama wasio na waume waliweza kupunguza saa za kazi bila kupoteza kipato cha maana. Leseni kamili itamfikia mlezi aliyepita hatua hizo, na akifika hapo atakuwa na sababu ya kuitundika ukutani.

Kuna kundi moja ambalo kanuni za malezi ya mchana hulisahau: watoto wanaolala. Mama wa zamu ya usiku kiwandani, mhudumu wa baa, askari wa kike wa kampuni za ulinzi, wote wanahitaji mlango unaofunguka saa moja jioni. Usiku ndio mlango hufungwa kabisa, jiko huingizwa ndani, na mlezi mwenyewe husinzia. Daftari litakaloandikwa na ofisa anayetoka kazini saa kumi na moja jioni halitawaona hao. Kaunti ikianza kupanga ratiba za ziara, ya kwanza kuandikwa iwe ya usiku.