Kuomba na kumeza dawa: Ujasiri wa mzazi anayeishi na VVU

Jumapili kanisani, iwe Iringa au Mbeya, huenda uliyekaa naye benchi moja anabeba siri nzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/2017 ulionyesha kuwa takriban watu wazima 11 kati ya 100 mkoani Iringa wanaishi na VVU, na zaidi ya 9 mkoani Mbeya. Kitaifa walikuwa kama 5.

Wapo wanaoombewa, wakaambiwa wamepona, wakaacha dawa. Mzazi mwenzangu, dawa hizi hufubaza virusi, haziviondoi mwilini. Ukiziacha, vinaongezeka tena, hata kama unajisikia mzima.

Je, kumeza dawa ni kukosa imani? Mkumbuke nabii Eliya. Alichoka, akakaa chini ya mti jangwani akiomba afe. Malaika hakumkemea. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, kwa sababu safari ilikuwa bado ndefu. Mungu alimtia nguvu kwa chakula cha kawaida kabisa. Kidonge cha kila siku nacho kipokee hivyo: kwa sala, na kwa saa ileile.

Ujasiri wa pili ni kusema. Hata Yesu, usiku wa Gethsemane, aliwaomba rafiki zake wakeshe naye. Usibebe peke yako. Anza na mtu mmoja anayetunza siri: mwenzi wako, dada yako, mchungaji au padri. Ukihofia ugomvi nyumbani, mwombe mshauri wa kliniki akusaidie kumweleza mwenzi wako.

Mama mjamzito, usiogope kupima. Bila dawa, watoto 15 hadi 45 kati ya 100 huambukizwa na mama zao wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonya. Mama akitumia dawa vizuri, wanapungua hadi chini ya 5.

Na mtoto anayemeza dawa bila kujua sababu? Shirika la Afya Duniani linashauri aelezwe hali yake akiwa na umri wa miaka 6 hadi 12, kidogo kidogo, kadiri anavyoelewa. Usingoje alisikie kwa jirani. Mwambie wewe, umemshika mkono, kisha msali pamoja.

Kesho asubuhi mkameze wote.