Kazi Yako ni Pesa Ngapi? Piga Hesabu Kabla Mteja Hajauliza

"Unafanya pesa ngapi?" Swali hili huwabana wengi wanaoanza kujiajiri. Mtu anataja bei ya kubahatisha, tena ya chini, asije akampoteza mteja. Mwisho wa mwezi kazi zimekuwa nyingi, lakini pesa ya nyumba haijatosha. Dawa yake ni kujua bei yako mapema.

Anza na matumizi yako

Tuseme wewe ni dizaina mjini Nakuru, na kwa mwezi unahitaji:

- Kodi ya nyumba: sh 10,000
- Chakula na nauli: sh 15,000
- Bando na stima: sh 5,000
- Chama na kusaidia nyumbani: sh 5,000
- Akiba ya laptop: sh 5,000

Jumla ni sh 40,000.

Sasa hesabu saa. Si kila saa inalipwa, kwani kuna kutafuta wateja, kujibu meseji na kufuata madeni. Ukipata saa 4 za kulipwa kwa siku, kwa siku 20, hizo ni saa 80. Gawanya 40,000 kwa 80, unapata sh 500 kwa saa.

Nembo ya duka ikikuchukua saa 10, marekebisho yakiwemo, bei yako ya mwisho kushuka ni sh 5,000. Chini ya hapo, unamfanyia mteja kazi kwa pesa ya mfuko wako. Kwa hivyo anza na sh 6,000, mpate nafasi ya kuongea.

Akisema "punguza"

Usikasirike, na usikubali haraka. Kama bajeti yake ni sh 3,000, punguza kazi, si thamani ya saa yako. Mwambie hivi:

"Sawa boss, nimekuelewa. Kwa elfu tatu nitakufanyia bango moja la WhatsApp. Nembo tutafanya ukiwa tayari."

Na yule anayesema "nifanyie bure, utapata jina"? Mshukuru, mtumie kazi ulizofanya tayari, kisha umtajie bei.

Nusu kwanza

Kabla ya kuanza, andikianeni kwa meseji: kazi ni gani, itaisha lini, marekebisho ni mara ngapi, bei ni ngapi. Omba nusu itumwe kwa simu. Usiamini meseji au picha aliyokutumia mteja kwamba amelipa. Angalia salio lako mwenyewe. Nusu ya pili iingie kabla hujatuma faili ya mwisho. Mwonyeshe kazi ikiwa na alama yako juu yake.

Ukifanyia kampuni, uliza mapema kuhusu kodi ya zuio. Kwa kazi za kitaalamu, kampuni inaweza kukata 5% na kuipeleka KRA. Kwa ankara ya sh 30,000, hiyo ni sh 1,500, nawe utapokea sh 28,500. Itisha cheti cha makato hayo, kitakusaidia ukijaza ritani.

Andika kila kitu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya kila kazi, andika saa ulizotumia na pesa iliyoingia. Ukigundua nembo inakula saa 14 badala ya 10, bei ya chini kwa mteja anayefuata ni sh 7,000. Hesabu yako unayo, kwa hivyo itaje bila kuomba msamaha.