Mfahamu Sulisuli, Samaki Mwenye Tanga Mgongoni

Wavuvi wa Kipini, mahali Mto Tana unapoingia Bahari ya Hindi, humtambua sulisuli kabla hajafikishwa chomboni. Pezi lake la mgongoni ni kubwa, nalo hufunguka na kukunjwa kama tanga la jahazi. Taya la juu limechongoka kama mkuki. Mgongo ni wa buluu iliyokoza, tumbo jeupe, na rangi hubadilika ghafla anapowinda. Anaweza kufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 100, ingawa wengi ni wadogo zaidi.

Sulisuli hukaa karibu na uso wa bahari kuu akifuata dagaa. Huwinda kwa kundi: huwazunguka samaki wadogo, huinua mapezi, kisha huwapiga kwa mkuki na kuwameza waliojeruhiwa. Rutuba inayoletwa na Mto Tana hulisha viumbe wa Ghuba ya Ungwana, hivyo kutunza mto na mikoko ni kutunza uvuvi.

Msimu wa kaskazi, wageni huja Malindi na Watamu kumvua kwa mchezo, na wengi humwekea alama na kumwachilia. Sulisuli aliye hai huweza kuleta mapato tena.

Mvuvi anayemnasa avae glavu na asogeze watu mbali na mkuki. Akiona alama mwilini, aandike namba, tarehe, mahali na urefu wa samaki, kisha aripoti kwa BMU ya eneo lake.