Mguu Uliokanyaga: Sayansi ya Kiatu cha Mbwa

Mbwa wa Mitaboni, huku Machakos, ana kazi nyingi. Usiku hulinda boma, asubuhi huandamana na ng'ombe, mchana huzurura kutoka shambani hadi sokoni akitafuta mabaki. Njia zake ni za udongo mwekundu, kokoto na mawe ya miteremko ya vilima vya Iveti, na kando yake miiba haikosekani. Akirudi jioni amekunja mguu mmoja, mara nyingi chanzo ni kidogo: mwiba, kigae cha chupa, ukingo wa bati. Lakini kidonda cha wayo hakiponi kwa kupakwa dawa tu. Kinahitaji kufunikwa, na kifuniko kinachofaa ni kiatu.

Wapo watakaosema kiatu cha mbwa ni anasa ya mjini. Basi tuyatazame maisha ya mbwa wa huku. Mwaka 1992 na 1993, watafiti walioongozwa na Philip Kitala wa Chuo Kikuu cha Nairobi walizunguka vijiji vya wilaya ya Machakos ya wakati huo wakichunguza mbwa wanavyofugwa. Walikuta zaidi ya nusu ya nyumba zina mbwa, na wengi wa mbwa hao hawafungwi kamwe. Mnyama asiyefungwa hawezi kuagizwa apumzike. Hata akiwa na jeraha, atalitembelea.

Mbwa hutembea kwa vidole. Kile kinachoonekana mguuni mwake wa nyuma kama goti lililogeuka ni kisigino, kimeinuliwa juu ya ardhi. Uzito hushukia mito midogo ya wayo: minne chini ya vidole na mmoja mkubwa nyuma yake. Ndani ya kila mto mna mafuta yaliyoshikwa na nyuzi imara, na hayo ndiyo yanayopokea kishindo cha kila hatua. Juu yake kuna ngozi nene, ngumu na yenye kukwaruza, ili mbwa asiteleze.

Mbwa anapokanyaga, mto hubonyea na kutanuka, na vidole huachana. Ndiyo maana mpasuko wa wayo hukawia kufunga: kila hatua huzivuta kingo za kidonda zisikutane, na vumbi hupata mlango. Na ndiyo maana viatu vingi vya mbwa hubana au huchomoka. Vilipimwa mguu ukiwa hewani.

Kipimo sahihi ni rahisi. Msimamishe mbwa juu ya karatasi, kisha mwinue mguu wa upande wa pili ili uzito uuelemee ule unaopimwa. Weka alama kushoto na kulia pale wayo ulipo mpana zaidi. Pima pia urefu kutoka ncha ya kucha ndefu hadi nyuma ya mto mkubwa. Usitumie kipimo cha mguu wa mbele kwa wa nyuma. Miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya uzito, na kwa kawaida nyayo zake ni pana zaidi. Punguza kucha kabla ya kupima, kwa sababu kucha ndefu husukuma kiatu na kukipindua.

Kiatu chenyewe fundi anayeshona akala anaweza kukitengeneza. Juu kiwe kitambaa imara kinachopitisha hewa, chini kipande chembamba cha tyubu ya gari. Mpira wa tairi ni mgumu mno kwa mbwa. Wayo wake unataka kupinda. Mishono ielekee nje isichubue ngozi.

Kiatu hakishikwi kwa kukazwa sana, bali kwa mahali mkanda unapopita. Juu kidogo ya wayo mguu huwa mwembamba. Mkanda mpana ukipita hapo, wayo ulio mpana chini yake huzuia kiatu kuchomoka. Kidole chako kimoja kiweze kupita chini ya mkanda. Usifunge kwa uzi wala kwa kamba ya mpira, kwa kuwa hizo huzuia damu kupita. Kile kidole cha ndani kisichogusa ardhi kisikandamizwe. Kikiguswa na mkanda, kiwekee pamba.

Mara ya kwanza mbwa atainua miguu juu kana kwamba amekanyaga maji, kwa maana wayo wake umezoea kuisikia ardhi. Mvalishe dakika chache, mpe kipande cha ugali, mvue, kisha urudie ukiongeza muda. Mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata bwana wake, kwa hiyo mfunge mdomo kwa kitambaa laini wakati wa kumhudumia. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa hakina subira.

Nyayo ni miongoni mwa sehemu chache za mwili wa mbwa zinazotoa jasho, na kiatu huufungia unyevu ndani. Kivue mara kadhaa kwa siku na usiku kucha, ukaushe katikati ya vidole, ukague. Vidole vikivimba hadi kucha mbili za kati zitengane, vikiwa baridi, au pakitoka harufu mbaya, legeza mara moja na umwite daktari wa mifugo. Wayo wenye funza utibiwe kwanza. Kiatu huwaficha tu. Wala kiatu si ruhusa ya kumtembeza mbwa kwenye lami ya saa saba mchana, kwani joto la mwili wake humtoka hasa kwa kuhema.

Huko Alaska, mashindano ya mbwa wavuta sleji ya Iditarod, yaliyoanza 1973, humtaka kila mshindani awe na viatu vinane kwa kila mbwa. Mbwa mwenye miguu minne hupewa vinane kwa sababu kiatu cha mbwa huchakaa upesi, na kilichotoboka hubadilishwa kabla hakijaudhuru mguu. Nasi tushone viwili kwa kidonda kimoja, kimoja kivaliwe huku cha pili kikikauka juani.

Na ile karatasi ya vipimo isitupwe. Ikae pamoja na kadi ya chanjo ya mbwa, kwa maana mwiba wa kesho tayari uko njiani.