Karura: Raha ya baiskeli katika msitu ulionusurika

WAPENZI wa baiskeli jijini Nairobi hawalazimiki kusafiri mbali kutafuta miteremko. Kilomita chache kutoka katikati ya jiji upo Msitu wa Karura, wenye hekta 1,000 hivi, ambako baiskeli hukodishwa.

Katika milima ya Ulaya, mitambo inayobeba watelezaji theluji huwapandisha waendesha baiskeli kileleni wakati wa kiangazi. Karura haina mitambo hiyo. Anayeshuka bondeni hupanda kwa nguvu zake. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu huteleza, hivyo yafaa kupunguza mwendo kabla ya kona.

Nusura msitu huo uwe mtaa wa majumba. Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa wakipinga unyakuzi wake. Njia zinazofurahiwa leo ni matunda ya ushujaa huo.