Daktari wa meno bila cheti

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, so swali la cheti linaniuma. Babu yake nyanya hakuulizwa. Alikuwa mganga wa Kigiriama, na miaka ya 1890 alivuka mto Sabaki na wenzake kutafuta mashamba. Kule nyuma ya Malindi, hospitali ilikuwa kwake. Jino likikuuma anakupa maji ya mizizi usukutue, likikataa, linang'olewa. Malipo ni kuku. Ama tembo, na nyanya anasema tembo alipenda sana.

Alipokufa alichongewa kigango, maana alikuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Mwaka 1914 Waingereza wakalipua Kaya Fungo kwa baruti, wakawafukuza Wagiriama wa ng'ambo ya Sabaki. Familia iliporudi, kigango bado kimesimama.

Wezi ndio walikiweza. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi vimeibwa na kuuzwa Ulaya na Marekani. Chetu kilienda usiku mmoja tu.

Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha 30. Sasa nafungua picha za makumbusho moja moja, nyanya kando yangu.

"Si huyu, mjukuu wangu. Endelea."

Bando likiisha, anafungua pindo la leso, ananipa mia.