KITOVU KINACHOJIPAKA MAFUTA



Mhariri wa sehemu ya Kiswahili ameniomba nieleze jambo moja la kazi yangu. Baada ya kumaliza masomo katika shule yetu nilijifunza ufundi wa chuma, na sasa nina karakana ndogo hapa Bwizibwera, kaskazini ya mji wa Mbarara, kando ya barabara iendayo Ibanda. Natengeneza milango, madirisha, mikokoteni, na baiskeli za kubebea ndizi. Nimechagua kueleza kitu ambacho kila mmoja wenu hukiona kila siku wala hakitazami, nacho ni kitovu cha gurudumu.

Kitovu ni ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayoshika spoki zote. Ndani yake hupita ekseli, yaani pau la chuma linalobeba uzito wa gari. Pale kitovu na ekseli vinapogusana ndipo penye beringi, na hapo ndipo magari mengi hufia. Watu hulaumu barabara na hulaumu mzigo, lakini aghalabu ugonjwa umo katika nafasi isiyozidi upana wa vidole vitatu.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa aibu. Nilimtengenezea mkokoteni mzee mmoja mwenye asili ya Kongo, aliyekaa Nakivale. Nakivale, kama mjuavyo, ni makao ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958, kusini-mashariki ya Mbarara. Wamefika huko watu wa Rwanda, Burundi, Kongo, Somalia na kwingineko, na Kiswahili husikika sana sokoni. Mzee huyu aliishi kwa kuchota maji na kuwauzia wenye hoteli na maduka. Fedha za mkokoteni alizikopa kutoka kwa wenzake wa chama cha akiba. Kila safari alibeba jerikani nane za lita 20, yaani kilo 160 za maji, bila kuhesabu uzito wa mkokoteni wenyewe.

Vitovu nilivyomfanyia vilikuwa rahisi. Nilikata bomba la chuma, nikalivisha juu ya ekseli ya chuma, na katikati ya bomba nikatoboa tundu la kutilia mafuta. Nilidhani nimefanya kazi ya akili.

Haikupita miezi miwili, mzee akaja Bwizibwera kwa basi dogo, amebeba gurudumu mapajani. Ekseli ilikuwa imelika karibu nusu ya unene wake. Gurudumu lilikuwa limechomoka njiani, jerikani zote zikamwagika, na siku hiyo hakupata hata shilingi moja, ilhali deni la chama lilikuwa linamngoja. Nilitazama ile ekseli nikamwambia, "Mzee, umetia mafuta kidogo mno."

Hakukasirika. Alinitazama akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Mutoto yangu, miye natia kila asubui. Saa sita inakuwa imekauka. Sasa uniambie, hii mafuta inaendaka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikamwahidi kwamba nitamfanyia vitovu vingine bila malipo, lakini kwanza nijue mafuta yanakwenda wapi.

Jioni ile nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Gurudumu lake lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 66, kwa hiyo likizunguka mara moja husonga mbele kiasi cha meta 2 na sentimeta 7. Mzee alikwenda kilometa 4 na kurudi kilometa 4, mara tatu kwa siku, jumla kilometa 24. Gawanyeni wenyewe, mtaona kwamba gurudumu lilizunguka zaidi ya mara 11,500 kila siku. Chochote kibaya kilichotendeka katika mzunguko mmoja kilitendeka mara 11,500 kabla ya jua kutua.

Siku ya pili nikaenda kumwona mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, ambaye sasa amestaafu. Alipoiona ile ekseli alicheka kidogo, kisha akanieleza habari ya Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower.

Mwaka 1883 Bwana Tower alikuwa akiwapimia wahandisi wa Uingereza msuguano wa beringi za magari ya reli. Ekseli yake ilizunguka huku sehemu ya chini imezama katika mafuta, na beringi iliyobeba uzito ilikaa juu yake. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweze kuongeza mafuta. Mashine ilipoanza kwenda, mafuta hayakuingia kwa tundu lile, bali yalitoka. Akaziba kwa kizibo cha koki, kikasukumwa nje. Akaziba kwa kigingi cha mti, nacho kikasukumwa nje. Mwishowe akafunga kipimo cha shinikizo kilichoandikwa hadi ratili 200 kwa kila inchi ya mraba, na mshale ukapita mwisho wa kipimo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba ekseli inapozunguka huyavuta mafuta na kuyaingiza kwa nguvu chini ya mzigo, kama mtu anayesukuma kabari. Mafuta yale hubeba uzito, na chuma hakigusi chuma. Mwaka 1886 Osborne Reynolds, mtaalamu wa Manchester, alieleza jambo hilo kwa hesabu, na wahandisi huitumia hesabu hiyo mpaka leo.

Basi mwalimu akaniuliza, "Katika mkokoteni wako, uzito unakandamiza wapi?" Hapo nikafumbuka macho. Katika mkokoteni ekseli haizunguki, kinachozunguka ni kitovu. Ekseli inabeba mzigo na kukandamiza upande wa chini wa kitovu. Tundu langu la mafuta lilizunguka pamoja na kitovu, na kila mzunguko lilifika chini, mahali pale pale penye kukandamizwa. Mafuta yakakamuliwa nje ya tundu, na yaliyosalia yakadondoka yenyewe. Tundu likifika juu, likameza vumbi la barabara. Vumbi likichanganyika na mafuta kidogo huwa kama msasa wa kusugulia chuma. Swali la mzee lilikuwa limepata jibu: mafuta yake yalikuwa barabarani, na badala yake yeye alikuwa amebeba mchanga.

Sasa na tuangalie wengine walivyoshughulikia jambo hili.

Mabehewa ya zamani ya reli, kama yale yaliyotumika katika nchi zetu, yalikuwa na kisanduku cha chuma kwenye ncha ya kila ekseli. Katika behewa ekseli huzunguka pamoja na magurudumu, na uzito huikandamiza kwa juu. Kwa hiyo mafuta yaliwekwa chini, na pamba iliyolowa mafuta iligusa tumbo la ekseli na kuipaka wakati wote ilipozunguka.

Baiskeli za zamani kutoka Uingereza zilikuwa na tundu dogo katikati ya kitovu, lililofunikwa kwa kibanio cha chuma chembamba. Wazee wetu walifungua kibanio, wakatia matone machache, wakafunga. Tundu hilo halikudhuru kitu, maana gololi ziko kwenye ncha mbili za kitovu, na katikati pana uwazi. Angalieni tofauti: tundu lao liliingia katika uwazi, langu liliingia penye mzigo.

Malori makubwa na matela yapitayo Mbarara kwenda Katuna na Kigali, mengine yana vitovu vyenye mafuta ndani, na kifuniko chenye kidirisha ili dereva aone kiasi kilichobaki. Lori likienda kilometa 80 kwa saa, gurudumu la kipenyo cha meta moja huzunguka mara 7 kila sekunde. Mafuta hurushwa kwa nguvu kwenye ukuta wa kitovu, na beringi ziko huko huko ukutani, kwa hiyo huyapata. Mkokoteni hauwezi kufanya hivyo. Mtu akitembea kilometa 5 kwa saa, gurudumu la mzee huzunguka kama mara 40 kwa dakika. Mafuta hayarushwi, bali yanabaki yamelala chini. Kwa mwendo huo ni lazima yainuliwe.

Nikatengeneza kitovu kipya namna hii. Nilikata bomba lenye upana wa ndani wa sentimeta 7 na urefu wa sentimeta 15. Kila ncha niliziba kwa bushi ya mti mgumu, yaani pete nene, yenye kina cha sentimeta tatu na nusu. Ekseli ya milimita 25 hupita katika bushi hizo mbili. Kati ya bushi na bushi panabaki chumba cha mafuta chenye urefu wa sentimeta 8. Kwenye ukuta wa chumba hicho nilichomelea vipande vinne vyembamba vya chuma, virefu kwa upande wa ekseli. Gurudumu likizunguka, vipande hivyo huchota mafuta chini, huyapandisha, na kuyadondosha juu ya ekseli, kama gurudumu la kuinulia maji shambani. Mafuta hutambaa juu ya ekseli kushoto na kulia mpaka kwenye bushi, na bushi inayozunguka huyavuta hadi chini ya ekseli, penye mzigo. Yaliyozidi hurudi chumbani. Tundu la kujazia liko kwenye chumba, si kwenye bushi, nalo limefungwa kwa skrubu.

Kwa nini mti? Kwa mwendo wa miguu mafuta hayawezi kuinua mzigo wote kama katika mashine ya Bwana Tower. Ekseli na bushi bado hugusana kidogo, hasa mkokoteni unapoanza kwenda. Mti ulionywa mafuta huendelea kutoa mafuta hata chumba kikipungukiwa. Jambo hili si geni. Meli nyingi ziliwahi kutumia beringi za mti uitwao lignum vitae, ambao una mafuta yake ya asili, kwenye mashimo ya rafadha.

Mti wangu niliukausha vizuri, nikauchemsha polepole katika mafuta mapya ya injini mpaka mapovu yakakoma, kisha nikauacha upoe humo humo. Mapovu ni maji na hewa vinavyotoka, na mti unapopoa mafuta huingia mahali pake. Toboa tundu la ekseli baada ya kuchemsha, si kabla, maana mti hubadilika umbo. Kazi ya kuchomelea imalizike kwanza, ndipo bushi ziingizwe, la sivyo zitaungua. Na ninyi vijana, msichemshe mafuta ndani ya nyumba, wala msimwagie maji mafuta yaliyoshika moto. Yafunikeni kwa kifuniko cha chuma.

Upande wa nje wa kila bushi niliweka pete ya blanketi nzito iliyolowa mafuta, na juu yake kifuniko cha bati, ili vumbi lisiingie.

Je, kilifaulu mara moja? Hapana. Kitovu cha kwanza nilikijaza mafuta mpaka juu, nikaona fahari. Asubuhi nilikuta dimbwi sakafuni. Mafuta yalikuwa yamepita tundu la ekseli usiku kucha. Nikarudi kwenye hesabu. Mafuta yakisimama yasifikie ukingo wa chini wa tundu la ekseli. Katika kitovu changu hiyo ni kina cha sentimeta 2, yaani kama mililita 70, chini kidogo ya vijiko vitano vya mezani. Tangu hapo nampa kila mnunuzi kikopo kidogo chenye alama. Anafungua skrubu, anamwaga mafuta ya zamani, anatia kikopo kimoja, basi.

Mzee alichukua vitovu viwili Nakivale, nami nikamwomba anirudishie kimoja baada ya miezi miwili nikione. Alikileta kwa basi lile lile, amekiweka tena mapajani, na moyo wangu ulidunda nilipomwona akiingia. Nikatoa bushi. Ekseli ilikuwa inang'aa, nami nilipoipima sikuona upungufu wowote. Bushi ya upande wa nje ilikuwa imelika kidogo sana, na mafuta yalikuwa yameanza kuwa meusi. Nikambadilishia bushi, kazi ya nusu saa. Hapo ndipo faida nyingine ilipoonekana: kinacholika ni mti wa bei ndogo, si ekseli. Mzee alisema neno moja tu, "Sasa najua inabakia wapi." Deni la chama amekwisha kulilipa.

Kitovu hiki kina upungufu wake. Kikipita kwenye maji marefu, maji huingia, na mafuta lazima yabadilishwe siku hiyo hiyo. Hakifai kwa gari la mwendo wa kasi. Pete za blanketi huchakaa, na mwenye kuzisahau atarudi kwenye habari ya mchanga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wanafunzi, nilipokuwa darasani niliyakariri masomo ya msuguano ili nifaulu mtihani, nikafaulu, kisha nikatoboa tundu mahali pasipofaa. Mzee asiyejua Beauchamp Tower ni nani ndiye aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa. Mtakapopita Bwizibwera, karibuni karakanani. Nimekiweka kile kitovu cha zamani juu ya meza, pamoja na ekseli yake iliyolika, nanyi mtaweza kutia kidole katika mfuo wake.

Nawatakieni masomo mema.

Mwanafunzi wa zamani,
Bwizibwera